Mulei Alivyopima Lori kwa Vidole

Mtu akimtaja Mulei hapa Mwingi kuwa "yule fundi wa magari ya watoto", mimi humkatiza, na simkatizi kwa upole. Sijawahi kumwona mtoto akichezea gari la Mulei. Kama yupo, basi wazazi wake hawakujua walichonunua. Mulei alitengeneza malori madogo ya plastiki yaliyofanana na makubwa hadi kwenye nati za magurudumu, na moja liko nyumbani kwetu juu ya kabati, limefunikwa kitambaa cha kufuma. Kwa sababu ya lori hilo, jina la Mulei limo katika sala zangu za kila Jumapili, baada ya la mume wangu na kabla ya la mchungaji. Mchungaji anajua, na hajalalamika.

Mulei alilelewa na kisu. Mjomba wake alikuwa mchongaji, na kabla hajaota ndevu Mulei alikuwa tayari anachonga twiga na vifaru vya kuuzwa kwa watalii. Wachongaji wa kwetu hawapimi kwa rula. Wanapima kwa jicho na kidole gumba, na jambo la kwanza wanalofundishwa ni kuchukua kipande cha mti kinene kuliko kile wanachohitaji, maana kinachozidi kitaondolewa, lakini kilichopungua kimepungua. Mulei aliishi hivyo miaka mingi, akaoa, akajenga. Kisha vumbi la mti likamwingia kifuani. Ilifika mahali akipiga tezo kidogo anakaa chini kutafuta pumzi, na daktari akamwambia achague, mti au uhai.

Akachagua uhai, ingawa mwenyewe alikuwa akisema kwamba mwaka ule wa kwanza hakuona tofauti. Alikwenda Kibwezi, akapata kazi ya kupika kwa Mholanzi mmoja mpimaji, aliyekuja kwa mambo ya mifereji ya kunyunyizia mashamba. Huyo Mholanzi alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na kila Jumapili Mulei akirudi kanisani alimkuta barazani ameinamia meza, anajenga malori madogo kwa plastiki nyeupe. Mulei alidhani jua limempiga. Baadaye akaanza kusimama nyuma yake na sinia ya chai, na chai ikawa inapoa.

Mholanzi aliporudi kwao alimwachia sanduku. Ndani mlikuwa na mabamba ya plastiki yaliyopangwa kwa unene wa milimita: robo mili, nusu mili, mili moja, mili mbili. Mlikuwa pia na fito ndefu za upana mbalimbali, vijiti vya mviringo, na mirija myembamba. Ile plastiki haikatwi kwa msumeno. Unaikwaruza mstari kwa kisu mara moja, unaikunja, nayo inavunjika kwa kunyooka. Gundi yake haishiki kama ulimbo, bali inayeyusha pande mbili zikawa kitu kimoja. Kwa mtu aliyekatazwa vumbi, sanduku lile lilikuwa rehema, na Mulei alilitaja hivyo hivyo alipotoa ushuhuda kanisani.

Aliporudi Mwingi sanduku lilianza kupungua, na hapo ndipo akili yake ilipoonekana. Alikuwa akizunguka sokoni anaokota vitu na kuviangusha kwenye sementi. Kikilia kwa sauti kali kama kibati, ni plastiki ile ile na itashikana kwa thina ya wapaka rangi magari. Kikilia bubu kama mtungi wa maji, anakiacha. Vikombe vya maziwa ya mtindi vilimpa mabamba membamba. Rula za shule zilimpa mabamba manene, makasha ya kaseti yakawa vioo, na kalamu za biro zikawa mirija. Thina aliiogopa kwa ajili ya kifua chake, kwa hiyo alibandika nje penye upepo, ameketi kwenye kigoda nyuma ya duka la mkewe Kaluki. Watu walipita wakacheka, naye akawasalimu.

Sasa nieleze kwa nini nilimwendea mtu wa namna hiyo.

Baba yangu, Mzee Musembi, alikuwa na lori aina ya Bedford. Mbele ya paa liliandikwa Kyeni, yaani mwanga kwa Kikamba, na kwa lori hilo alibeba mahindi na mbuzi kati ya Mwingi na Tseikuru tangu mimi niko shule ya msingi. Barabara ile ilimla mgongo, na baadaye macho yakaanza kufa. Mwanzoni alikataa kusema. Alikuwa akiendesha huku turniboi, yaani utingo wake, anamtajia mashimo. Ilipobainika tulimpeleka Nairobi, akalazwa muda mrefu, akafanyiwa upasuaji, na akarudi haoni kitu.

Alipokuwa huko, ndugu yangu Kisilu aliliuza lori. Lilikuwa limekufa uani, magurudumu yamezama ardhini, na wanunuzi wa vyuma kuukuu walikuja na mitungi ya gesi wakalikata vipande. Kisilu alifikiri anamwondolea baba huzuni. Siku aliyorudi, baba alishuka, akasema tusimshike mkono, akatembea mwenyewe kuvuka uwanja hadi pale lori lilipokuwa likikaa, akanyoosha mkono. Ukashika hewa. Aliupeleka kushoto, akaupeleka kulia, na sisi wote tumesimama hapo hakuna aliyethubutu kumwambia. Nikikumbuka mkono ule hadi leo hukasirika, na sijui namkasirikia nani.

Tangu siku hiyo baba hakumsemesha Kisilu. Hakumtukana wala hakumfukuza. Kisilu akimwamkia, baba alimwita mama aulize kama kuna mtu nje.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka Kisilu alipopata mchumba, Ndila wa Tseikuru, binti wa watu wazuri wa kanisa. Kwetu unaweza kufunga harusi ya kanisani na keki ya ghorofa, lakini kama ntheo haijafanywa, huyo si mke wako bado. Ntheo ni wale mbuzi wanaopelekwa nyumbani kwa msichana, wakachinjwa huko, wazee wa pande mbili wakala pamoja. Baba ya kijana ndiye anayeongoza. Wakwe walikuwa wamekwisha kutaja mwezi, na walituma neno kwamba hawatapokea mbuzi kutoka mikononi mwa ami huku baba mzazi yu hai na anatembea. Nilimpelekea baba neno hilo. Akasema, "Hao mbuzi watapelekwa na nini? Si gari iliuzwa?"

Nilitoka nikaenda moja kwa moja nyuma ya duka la Kaluki.

"Ndugu Mulei," nikamwambia, "nataka Kyeni. Nataka uitengeneze kabisa, baba aishike ajue ni yake."

Mulei aliitazama picha niliyomletea, ile aliyopigwa baba akiwa ameegemea bodi ya mbao ya lori. Akauliza, "Mzee haoni hata kidogo?"

"Haoni."

"Basi rangi haina kazi," akasema, na alionekana kufurahi, jambo lililoniudhi.

Alilijenga kwa mwezi hivi. Nililibeba ndani ya kiondo nikaliweka mapajani mwa baba. Alilipapasa kutoka pua hadi mkia, akalipima uzito, akasema, "Hii ni mkate." Akampa mama. Nami nilipolitazama vizuri nikaona ni kweli, lilikuwa limevimba. Milango minene, mabawa ya magurudumu kama midomo ya mtu aliyeumwa na nyuki.

Nilimrudishia Mulei nikamweleza neno la baba bila kulipunguza. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia amefanya kosa la wachongaji. Alikuwa amechukua bamba la mili mbili kwa kila kitu, kama mkono wake ulivyozoea, akitegemea kuondoa kilichozidi. Lakini plastiki hii si mti. Ukiichonga inapasuka vipande vipande na kisu kinachimba, kwa hiyo unene unaouchagua asubuhi ndio utakaokuwa nao jioni. "Hapa mtu anachagua kwanza ndio anajenga," akasema. "Na mimi nilijenga ndio nikachagua."

La pili alilifanya kwa hesabu. Alitafuta vipimo vya Bedford, akagawanya kila kitu kwa ishirini, na bati la mlango likatoka jembamba kuliko karatasi. Akachukua bamba la robo mili na vikombe vya mtindi vilivyo vyembamba kuliko vyote, akalijenga lori zima kwa hivyo. Kwa macho lilikuwa zuri ajabu, nakiri. Nililishika kwa kidole gumba tu nikisifu, na paa likaingia ndani. Upande mmoja thina ilikuwa imekula bamba likawa laini kama ngozi ya maziwa.

Hapo nilisema maneno. Nilisema ananipotezea wakati, wakwe wanangoja, baba anazeeka, na yeye yuko hapa anapima mtindi. Kaluki alitoka dukani kusikiliza. Mulei aliniacha nimalize, akanifutia kigoda nikae, akasema, "Dada Muthoki, kesho tupatane stendi ya malori. Njoo na leso."

Kesho yake palikuwa na Bedford moja ya zamani imeegeshwa kando ya barabara ya Garissa, inapakiwa. Mulei alimsalimu dereva kwa heshima, akaomba kulishika. Dereva alidhani anataka kununua. Mulei akaniambia nimfunge leso machoni, nami nikamfunga mbele ya watu wote wa Mwingi, nikitamani ardhi inimeze. Akaanza kulipapasa lori. Alipitisha vidole kwenye bawa la gurudumu, akaurudisha mkono, akapitisha tena. Akafungua mlango akaushika ukingoni. Akapanda ngazi, akazishika mbao za bodi moja moja. Wapakiaji waliacha magunia, mmoja akauliza kama huyu ni mganga.

"Si mganga, ni mtu wa kanisa," nikamjibu. "Endelea na kazi yako."

Mulei aliposhuka, kabla hata sijamfungua, alikuwa ameshaanza kusema. "Nilikuwa naharibu. Vidole havishiki bati, Dada. Bati ni nyembamba, ndiyo, lakini hakuna mahali mkono unalipata peke yake. Kila ukingo wamelikunja. Mkono unashika ule mkunjo. Na mlango si bati, ni sanduku. Na mbao ni mbao."

Nilimfungua leso. Macho yake yalikuwa yamelowa, nami nikajifanya kuamini kuwa ni vumbi.

Lori la tatu alilijenga kwa kufumba macho, namaanisha hivyo hasa. Alimwaga sanduku lote kwenye mkeka, akafumba, akawa anachagua kwa kidole gumba, kile kile cha mchongaji. Bawa la gurudumu alilifanya kwa bamba la nusu mili, kisha akazungusha kijiti cha mviringo pembezoni mwake kiwe ule mkunjo. Mlango ukawa wa mili mbili, ule unene wa mkate, safari hii mahali pake. Chasisi ilitoka kwenye rula. Mbao za bodi nazo zilitoka kwenye rula, akazikwaruza kwa brashi ya waya ili mkono ujue hapa bati limeisha, hapa mti umeanza. Nilikuwa nikipita kila nikitoka sokoni, na sikusema neno baya tena.

Siku moja nilimkuta Kisilu hapo. Nilikuwa sijamwambia chochote, lakini Mwingi si mji wa kuficha kitu. Alikuwa amesimama na kofia mkononi, anaangalia bodi ambayo Mulei ameikamilisha, mbao zote sawa, upana mmoja.

"Fundi," Kisilu akasema, "ubao wa tatu hapa kushoto si hivyo. Ulikuwa mwembamba."

"Mwembamba kwa nini?"

"Fahali aliuvunja tukiwa Tseikuru. Mzee alinituma mbao, na mimi nilikuwa kijana, nikanunua saizi ndogo. Nikaupigilia hivyo hivyo. Ukaacha nafasi, mbuzi wakawa wanatoa miguu hapo."

Niliukumbuka. Baba alimcheka Kisilu kwa ubao ule miaka nenda miaka rudi, kila mgeni alionyeshwa. Na kila fundi aliyetaka kuubadilisha aliambiwa auache.

Mulei alitikisa kichwa. "Hapana. Mimi siweki kosa la mtu kwenye kazi yangu. Watu watasema Mulei hakupima."

"Hiyo gari yote ilikuwa ya mzee," Kisilu akasema. "Mimi nilikuwa na huo ubao tu."

Mulei akapitisha kidole juu ya bodi. Niliona anavyoona uchungu, maana zile mbao zilikuwa zimeshashikana na kuung'oa mmoja ni kuhatarisha zote. Mwishowe akavuta sanduku, akaingiza mkono, akatoa ufito mmoja katika zile chache za Mholanzi zilizobaki, mwembamba kuliko wenzake. Akampa Kisilu aushike. Kisilu akasema ni huo. Mulei akachukua kisu, akapumua mara moja, akaanza kukwaruza.

Tulilipeleka nyumbani alasiri, sisi watatu. Kisilu alibaki nje karibu na ghala, kama kawaida yake. Mulei alisimama mlangoni, kofia kifuani. Nikaliweka lori mapajani mwa baba nikamwita kwa Kikamba, kama tunavyomwita baba, "Nau, jaribu tena."

"Mkate mwingine," akasema, lakini akanyoosha mkono.

Alianzia puani. Mkono ulipofika kwenye bawa la gurudumu ulisimama, kidole kikaufuata mkunjo hadi mwisho, kikarudi. Hakusema mkate. Alishika mlango, akautafuta ukingo wake, akautambua. Alipitisha kiganja juu ya paa mahali palipoandikwa Kyeni, na Mulei alikuwa amezikata herufi zikasimama, kwa hiyo baba alizisoma moja moja huku midomo inacheza. Mama alikaa chini. Baba akagusa bomba la moshi, akasema, kwa sauti ya kulalamika ambayo hatukuwa tumeisikia siku nyingi, "Sailensa iko juu kidogo."

"Pole, Mzee," Mulei akasema. "Nitaishusha."

"Iache."

Kisha akaja kwenye bodi. Alihesabu mbao kutoka chini, upande wa kushoto. Kwenye wa tatu kidole kikazama. Akakitoa, akakiingiza tena katika ile nafasi, akakiacha humo. Mimi nilikuwa nimeushika ukuta.

"Nani aliambia fundi hii?"

"Ni Kisilu, Nau."

"Alikuja mwenyewe?"

"Alikuja mwenyewe," Mulei akajibu badala yangu. "Mimi nilikataa, Mzee. Nilikuwa nimeweka mbao sawa. Yeye ndiye alinishinda."

Baba alikaa na kidole chake ndani ya lori. Alikaa hivyo muda ambao niliweza kumwomba Mungu jambo moja mara nyingi. Kisha akauliza, bila kuinua uso, "Hao mbuzi wa Tseikuru wamepatikana wote?"

Nilikuwa nafungua mdomo kujibu. Nikasikia viatu nje, na sauti ya Kisilu ikaja kutoka mlangoni, nyuma ya Mulei.

"Bado mmoja, Nau."

Baba aligeuza kichwa upande wa sauti ile. "Huyo mmoja usichague na macho," akamwambia. "Mshike mgongo. Mbuzi anajulikana na mkono."

"Ndiyo, Nau."

"Na ukimpata, mlete nimshike."

Mulei akapisha mlangoni ili Kisilu aingie. Kisha akakohoa kidogo, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anakwenda, maana ameacha chupa ya thina wazi na Kaluki atamgombeza. Nilimsindikiza hadi barabarani, na njia nzima sikuweza kumwambia asante, ndiyo sababu naisema mpaka leo.